Msimrithishe Mtoto Kisasi

Wanangu mlio na watoto wadogo, nanyi walimu vijana wa madarasa ya chini, nawaandikia jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Mimi ni mzee wa Kagera. Mkoa wetu umeonja uchungu wa vita mara mbili katika umri wangu: mwaka 1978 vita ilipotufuata majumbani, na mwaka 1994 mauaji ya nchi jirani yalipotupitia mbele ya macho, juu ya maji ya mto. Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na sasa wajukuu wananiuliza maswali yaleyale niliyoulizwa na baba zao. Nisikilizeni, maana umri huu hauniruhusu tena kusema kwa kuzungukazunguka.

Onyo langu ni hili. Mtoto atafundishwa habari za vita na za waliokufa, mpende msipende. Msipomfundisha ninyi, atafundishwa na simu, atafundishwa na mlevi wa rubisi anayepiga kelele njiani, atafundishwa na mtu anayetafuta kura. Na akifundishwa na hao, hatajua waliokufa walikuwa akina nani. Atakachojua ni jina la adui. Nimeliona hilo kwa macho yangu darasani, nami nitawasimulia.

Kwanza niwakumbushe ninyi mliozaliwa baadaye. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaishika nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na Amin akatangaza kwamba sasa ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka lililipuliwa. Watu waliuawa, wanawake walidhalilishwa, ng'ombe waliswagwa kwa maelfu, na waliobahatika walikimbia kusini wakiwa na watoto migongoni na vyungu vichwani. Jeshi letu lilijibu, likavuka mpaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wanajeshi wetu waliokufa katika vita ile wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba. Ukipita Kyaka leo utaona magofu ya kanisa lililopigwa mabomu, yamesimama vilevile.

Miaka mingi ikapita. Darasani kwangu kulikuwa na watoto waliozaliwa vita ikiwa imesahaulika na hata waliopigana. Akaletwa mtoto wa kiume ambaye mama yake alikuwa mfanyabiashara kutoka Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula. Mtoto mpole, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiganda, hesabu anazijua kuliko wenzake. Hazikupita siku nyingi nikasikia uwanjani wakimwita Amini. "Amini, lete mpira. Amini, usikae hapa." Niliwaita wote wakae chini. Nikawauliza: Amini ni nani? Hakuna aliyeweza kunieleza. Mmoja tu alisema, kwa uhakika mkubwa, kwamba baba yake amesema Waganda wote ni Amini. Nikawauliza tena: Kaboya wamelala akina nani? Kimya. Darasa zima, watoto wa Kagera, hakuna aliyejua.

Liangalieni jambo hilo vizuri, wanangu. Watoto wale walikuwa wamerithishwa adui bila kurithishwa wafu wao. Hakuna aliyekaa chini akawafundisha chuki kwa makusudi. Ilidondoka tu kwenye mazungumzo ya wakubwa, wakati wa kula, wakati wa kusikiliza redio, nao wakaiokota. Habari za babu aliyekufa zilihitaji mtu wa kuketi na kusimulia, na mtu huyo hakupatikana.

Niliwapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja akaulize kwao jina la mtu mmoja aliyekufa au aliyekimbia wakati wa vita ile, na aulize mtu huyo alipenda nini. Nilikataza wasiniletee habari ya nani aliyemuua. Walirudi na mambo ambayo sikuyategemea. Mmoja alileta bibi aliyekimbia usiku akiwa amemkumbatia kuku, kwa sababu kuku yule alikuwa ametoka kuangua. Mwingine alileta baba mdogo, mwanajeshi, aliyependa senene kiasi kwamba msimu ukifika hakuna aliyemwona nyumbani. Mwingine alileta mama aliyejifungulia njiani. Na yule mtoto wa ng'ambo naye alileta jina. Alileta babu yake mzaa mama, fundi cherehani, aliyechukuliwa na watu wa Amin ndani ya gari mchana kweupe asirudi tena. Alipenda kuimba akishona.

Wenzake walimtazama. Hawakuwa wamewahi kufikiri kwamba Amin aliwaua Waganda. Na kwa kweli Waganda ndio aliowaua zaidi, kwa maelfu juu ya maelfu, kabla ya vita ile kuanza. Na walipoingia wanajeshi wetu Uganda, Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega nao. Hayo yote nilikuwa nimeyafundisha kwenye somo la historia darasa la juu, na yaliingia sikio hili yakatokea lile. Fundi cherehani aliyeimba ndiye aliyeingia akabaki. Tangu siku ile jina la Amini halikusikika tena uwanjani. Walimchokoza kwa mengine, watoto ni watoto, lakini si kwa hilo.

Ndiyo maana nawaambia: anzeni na aliyekufa. Mpeni mtoto jina lake, kazi yake, chakula alichokipenda, mzaha aliouzoea. Nchini Rwanda, pale Gisozi mjini Kigali, palipozikwa watu wapatao 250,000 waliouawa mwaka 1994, kipo chumba cha watoto. Ukutani zimetundikwa picha kubwa za watoto waliouawa, na chini ya kila picha maneno machache: jina, umri, mchezo alioupenda, chakula alichokipenda, rafiki yake alikuwa nani. Mwisho kabisa imeandikwa namna alivyouawa. Waliotengeneza chumba kile walijua wanafanya nini. Ukiingia na mtoto mdogo, msomee mistari ya mwanzo. Mstari wa mwisho uuache. Atausoma mwenyewe akikua, na siku hiyo utamwuma inavyostahili, kwa kuwa atakuwa anamsoma mtu anayemjua.

Hapo nimefika kwenye jambo linalonitia hasira, nanyi mnisamehe nikipandisha sauti. Naona wazazi wanawaachia watoto wa miaka mitano simu zilizojaa picha za maiti. Ajali imetokea, picha inarushwa. Watu wameuawa mahali, video inarushwa, na mtoto amekaa mapajani mwa mama yake anatazama. Halafu mzazi huyohuyo ananiambia mtoto wake ni mdogo mno kusimuliwa habari za babu aliyekufa vitani! Maiti isiyo na jina haimfundishi mtoto kukumbuka. Inamfundisha mawili tu: kuogopa usiku, na baadaye kutoogopa kabisa. Hilo la pili ndilo baya zaidi. Futeni picha hizo. Na anayewatumia mwambieni aache.

Mtoto wa miaka minne au mitano ana njia yake ya kukumbuka, nayo ni ya mikono. Kwetu Uhayani wafu huzikwa kibanjani, katikati ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni. Mtoto anacheza pale kila siku. Mpeni fagio dogo afagie kaburi la babu. Mwambieni, "Hapa amelala babu yako, ndiye aliyepanda mti ule." Msome dua au msali sala ya kwenu, fupi, kisha mtoto aende kucheza. Inatosha. Msimwongezee hotuba. Kuna wanaodhani mtoto akicheka karibu na kaburi amekosa adabu. Mimi naona amekuwa mwenyeji pale.

Akifika darasa la kwanza na la pili ataanza kuuliza kwa nini. Mjibuni ukweli, kwa kipimo chake. Vita ya Majimaji, kwa mfano, inaweza kusimuliwa kwa mtoto wa miaka minane bila kumtisha na bila kumdanganya. Mwelezeni kwamba kuanzia mwaka 1905 watu wa kusini walikataa kulimishwa pamba kwa nguvu na kupigwa viboko, wakaamka kupigana na Wajerumani. Kwamba Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Na kwamba waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Mtoto anaijua njaa. Anajua maana ya tumbo kuuma jioni. Hapo atawaelewa watu wale kuliko akipewa orodha ya mapigano na tarehe. Habari ya wale waliopakwa na kunyweshwa maji wakiamini risasi hazitawadhuru, msiisimulie kwa kuwacheka. Walikuwa watu walioonewa, na waliitafuta nguvu mahali walipodhani ipo.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, watoto huona kwenye runinga viongozi wakiweka silaha za asili kwenye mnara: mkuki na ngao, sime, upinde na mishale. Kisha viongozi wa dini huomba. Hotuba zinawachosha watoto, na sishangai. Lakini tendo lile moja la kuweka silaha chini, kaeni nao mlitazame. Waulizeni wanadhani silaha zinawekwa pale kwa nini. Nimepata majibu mazuri kutoka kwa watoto wa miaka saba kuliko niliyoyapata kwa watu wenye shahada.

Neno moja kuhusu mashujaa, maana hapo pia tunakosea. Tukimwambia mtoto kila mara kwamba shujaa ni mwenye bunduki, atapenda bunduki. Pale katikati ya Dar es Salaam, Mtaa wa Samora, ipo sanamu ya shaba ya askari mwenye bunduki na singe, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wa Waafrika waliokufa huku katika vita ile hawakubeba bunduki. Walibeba mizigo. Walikuwa wapagazi waliokamatwa vijijini, wakapangwa katika misafara, wakabeba unga, risasi na mahema ya wengine kutoka mpaka wa Kenya hadi Msumbiji. Kambi yao mojawapo ndipo palipo na soko la Kariakoo leo, ambapo mnanunua vitenge na simu. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi wapatao 95,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Vita yenyewe ilikuwa ya Wazungu na Wazungu.

Wazungu waliokufa humu waliandikiwa majina yao kwenye mawe. Wapagazi hawakuandikiwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wengi zaidi ya hao, walifia jeshi la Uingereza wakati wa vita ile bila kukumbukwa kwa majina au bila kukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Zaidi ya miaka mia ilikuwa imepita! Lakini kabla hatujawanyooshea kidole, tujiulize sisi: ni nyumba ngapi kati yetu ambazo babu mkubwa alichukuliwa kubeba mizigo asirudi, na watoto wa nyumba hiyo hawamjui? Sisi tuna desturi ya kuwapa watoto majina ya babu na bibi zao. Mtoto anaitwa jina la mtu kila siku, asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyemweleza mtu huyo alikuwa nani. Anzieni hapo. Haihitaji kitabu wala nauli.

Najua wapo watakaonijibu kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naipenda methali hiyo, lakini nimeisikia mno vinywani mwa watu wazima wanaotaka mtoto anyamaze. Mganga hagangi asichokiuliza. Nyumba ambayo habari za vita hazisemwi haina amani zaidi ya nyumba nyingine. Ina watu wanaoogopana. Mtoto huihisi hofu hiyo hata kabla hajajua kusoma, na kwa kuwa hakuna aliyemweleza, huitungia maelezo yake mwenyewe. Maelezo ya mtoto aliyeogopa huwa ni ya kutisha kuliko ukweli wenyewe.

Sasa niwaeleze kuhusu amani, kwa sababu kukumbuka bila amani ni kuhesabu madeni.

Mwaka 1994 mto wetu ulileta maiti. Nanyi mlio vijana hamwezi kujua ilivyokuwa. Kule Rwanda, kuanzia tarehe 7 Aprili, Watutsi na wale waliowatetea waliuawa kwa muda wa siku mia hivi, na wengi walitupwa mtoni. Mto Kagera uliwachukua, ukawapitisha Rusumo, ukawapeleka Ziwa Victoria. Huku pwani ya ziwa watu waliacha kula samaki. Mwishoni mwa mwezi huohuo wa Aprili, katika muda wa siku moja hivi, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na mahali paitwapo Benaco pakawa mji wa mahema ghafla. Katika umati ule walikuwamo yatima na walikuwamo wauaji, wakipanga foleni moja ya maji.

Maiti zilizofika ziwani zilisukumwa na mawimbi hadi ufukwe wa Uganda: Kasensero, Lambu, Ggolo. Wavuvi na wanakijiji wa huko waliwatoa majini, wakawazika. Walizika zaidi ya watu 10,000. Hawakuwa ndugu zao, hawakujua majina yao, hawakujua lugha waliyolilia.  Na leo mahali pale pana makaburi yanayotunzwa, na Wanyarwanda huenda kuwaombea watu wao.

Hadithi hiyo ndiyo ninayowaomba muwasimulie watoto mkitaka kuwafundisha amani. Wala msianze na mauaji. Anzeni na wavuvi. Mwambieni mtoto: walikuwapo watu waliokwenda ziwani kutafuta samaki, wakawakuta watu wasiowajua wamekufa, wakaacha nyavu wakawapa heshima. Mtoto atauliza waliuawa na nani, na kwa nini. Atauliza kwa wakati wake, nanyi mtamjibu. Lakini picha ya kwanza iliyoingia kichwani mwake itakuwa ya mtu aliyefanya wema, na atajua kwamba hata katika siku zile, kazi hiyo ya kufanya wema ilikuwapo na watu waliifanya. Tukiwaambia watoto kwamba amani ni kutopigana, tunawapa kitu kisicho na mikono. Waonyesheni amani inayochimba kaburi la mgeni na inayopika uji wa mkimbizi.

Na ninyi walimu, ngojeni niwaambie peke yenu kidogo. Mauaji yale ya Rwanda hayakuanza Aprili. Yalitayarishwa muda mrefu, na sehemu ya matayarisho ilifanyika darasani. Mwalimu aliingia, akafungua daftari, akawaambia watoto wa Kihutu wasimame, kisha wa Kitutsi wasimame. Mtoto ambaye hakujua la kufanya alirudi nyumbani kuuliza yeye ni nani. Mwalimu yule pengine hakumpiga mtu hata kofi maishani mwake. Alichokifanya ni kuwazoesha watoto kusimama mbalimbali. Mwaka 1993 ilipoanza redio ya RTLM kuwaita Watutsi mende, ilikuta masikio yaliyokwisha kufunzwa.

Kwa hiyo mnapogawa watoto kwa michezo, kwa kufagia, kwa kukaa, fikirini mnawagawa kwa nini. Msiulize kabila la mtoto mbele ya wenzake. Msimfanye mtoto mmoja awe msemaji wa watu wake. Msicheke mzaha wa kabila hata ukisemwa na mwalimu mkuu. Haya si madogo. Na kama mnataka kujua darasa linaweza kufanya nini likifundishwa vingine, mkasome habari za Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wapiganaji waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Baadhi waliuawa, wengine wakaumizwa vibaya, na hakuna aliyejitenga. Leo Rwanda inawahesabu miongoni mwa mashujaa wake wa taifa. Ilikuwa miaka mitatu tu baada ya mauaji, na walikuwa vijana waliokwisha kuona kila kitu. Siwezi kuwasimulia habari hiyo watoto wa darasa la pili. Wale wa darasa la sita na la saba, ndiyo, na nilikuwa nikiwaachia muda wa kukaa nayo kabla sijauliza swali lolote.

Limebaki jambo gumu, na ndilo wengi mtataka kulikwepa.

Siku moja mjukuu wangu wa kike, ana miaka kumi, aliniuliza, "Babu, na sisi tuliwahi kuwaonea watu?" Nilikuwa nimetoka kumsimulia habari za Songea: jinsi Wajerumani walivyowanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 tarehe 27 Februari 1906, na jinsi Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alivyofika pale tarehe 1 Novemba 2023, akakutana na wajukuu na vitukuu wa waliouawa, akaomba msamaha. Mtoto alifurahi kusikia kwamba mkubwa wa nchi anaweza kusafiri mbali kuja kusema samahani kwa jambo ambalo hakulitenda yeye, lakini lilitendwa kwa jina la watu wake. Akalitafakari. Kisha akauliza swali lake.

Hapo ndipo mzazi anapopimwa. Ukijibu, "Hapana, sisi tumekuwa watu wa amani siku zote," umemfundisha kwamba uovu ni wa watu wengine, na yule baba aliyesema Waganda wote ni Amini alianzia papo hapo. Nilimjibu kweli. Nilimwambia kwamba jeshi letu lilikuwa na haki ya kumfukuza Amin, nami naamini hivyo hadi leo. Na kwamba wanajeshi wa upande wetu walipouteka mji wa Masaka, Februari 1979, walibomoa majengo yake mengi ili kulipiza yaliyotendwa Kagera. Majengo yale yalikuwa ya watu ambao wengi wao walikuwa wakimwogopa Amin kuliko sisi. Akauliza kama kuna aliyekwenda kuwaomba msamaha. Nilimwambia aendelee kuuliza, na aulize watu wengine zaidi yangu.

Wapo wenzangu, wazee wenye heshima zao, walionilaumu kwa kumwambia mtoto habari hiyo. Wanasema nitamfanya asiipende nchi yake. Mimi nimemwona anavyofagia kaburi la babu mkubwa aliyepigana vita ileile, na hajapunguza hata jani moja.

Basi, wanangu, ninyi mnaovuka Mutukula kila wiki kwa biashara: likizo ijayo mchukueni mtoto mfike naye hadi Masaka. Si mbali. Mkiwa njiani mwonyesheni magofu ya Kyaka na mwelezeni ni nani aliyeyafanya. Mkifika Masaka mwelezeni kilichotokea pale pia, kwa sauti ileile, bila kuipunguza. Kisha tafuteni mama anayeuza matoke, mkae kwenye benchi lake mle, mwacheni mtoto amsalimie mwenyewe kwa Kiganda alichojifunza kwa wenzake shuleni. Na akitaka kumwuliza mama yule chochote, msimzuie.